Kifua cha Mkwe

Mume wangu alianguka kutoka kwenye paa la shule akipigilia mabati, mwaka ule tuliposhushwa kutoka milima ya Lumuma kuja kukaa katika kijiji cha ujamaa. Mwenyekiti alisema ameumia akijenga taifa. Taifa lilikuwa halina habari naye. Tulimbeba kwa kitanda cha kamba hadi kwenye gari la kwenda Kilosa, na kutoka hapo tukapanda treni ya Dar es Salaam. Miguu yake nilikuwa naifinya, hasikii.

Mama yangu alifuatana nasi ili anishikie mtoto, ambaye nilikuwa bado namnyonyesha. Lakini kwetu mama mkwe na mkwe wake hawaonani. Mama akisikia kikohozi cha mume wangu njiani, huingia kwenye mahindi hadi apite. Hata kwenye treni alikaa behewa jingine.

Hospitalini daktari alinieleza kwamba mfupa uliovunjika umekandamiza uti wa mgongo. Wakimpasua, huenda akatembea tena. Lakini atalazwa kifudifudi kwa muda mrefu, na moyo wenye kasoro hauvumilii hali hiyo.

"Amewahi kubanwa kifua? Kuzimia?"

"Hapana," nikajibu. Mtu aliyekuwa akibeba magogo peke yake! Mimi sikuwahi kuona lolote.

Nikatoka hadi barazani alikokaa mama, nikamsimulia yote, na hilo la kifua pia. Akavuta khanga yake hadi puani.

"Umekula?" akaniuliza.

Kesho yake walimpasua. Daktari alipotoka, nilijua kabla hajafungua mdomo. Alisema mgongo ulikuwa unakwenda vizuri, ila moyo ulisimama na haukurudi. Ulikuwa mgonjwa tangu zamani. Kama wangejua, wangeutibu kwanza.

Tulirudi na jeneza kwa treni ileile. Sasa mama alikaa karibu nami. Tulipokaribia Kilosa akasema, akitazama dirishani, kwamba masika iliyopita alimkuta mume wangu shambani amepiga magoti, kashika kifua, jasho linamtiririka. Yeye akajificha hadi mume wangu aliponyanyuka na kushika jembe.

"Mama! Mbona hukusema?"

"Alikuwa amevua shati, mwanangu. Ningeanzaje kutaja kifua cha mkwe wangu?"

Nilimchukia. Mdomo uliokuwa hodari wa kunisema kwa sababu ya chumvi ya mboga ulikosa neno moja la kumwokoa baba wa mwanangu. Nilimnyang'anya mtoto, nikampa mgongo.

Siku ya mazishi watu walipanga mstari kumuaga kabla jeneza halijafungwa. Mama hakuonekana. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta.

"Njoo umuage," nikamwambia. "Sasa hawezi kukuona."

Akanishika mkono, akaja. Mbele ya jeneza nilimgeukia, nikakuta amefumba macho.