Jiwe la Kilo Kwenye Picha ya Baba

Admini, jina langu lifiche kabisa, Bujumbura ni ndogo na watu wengi wanasoma ukurasa huu. Nina miaka thelathini na moja, sijaolewa, na nina hasira ambayo hata mfungo wa Ramadhani haujaipoza.

Marehemu baba alikuwa na duka la nafaka mtaa wa Asiatique. Ukutani kulikuwa na picha aliyochorwa na jirani yetu, fundi wa mabango. Baba yuko mbele ya mizani, jiwe la kilo upande mmoja, mchele upande wa pili, na mikono yake yote miwili iko juu. Hakuna picha ninayoipenda kama hiyo. Kila siku alituambia, "Ukishaweka jiwe, inua mikono. Acha mizani iseme yenyewe." Hata kovu la jiwe limechorwa. Nililiangusha nikiwa mtoto likamegeka, baba akaliziba kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa mpaka likatimia kilo.

Baba alipofariki tukabaki dukani mimi na kaka. Mwaka jana mama mmoja wa mtaa wa Carama alirudi na maharagwe yake, anafoka: "Munanipimia ao munaniibia?" Jiwe letu likapimwa duka la jirani, likakutwa jepesi. Kaka akaninyooshea kidole mbele ya watu: "Ni ye ndo anapimaka! Mi sijue kitu." Nililia tu, hata jiwe sikulitazama. Nikafukuzwa dukani, na wiki ile ile wajomba wa mchumba wangu wakaja kuvunja posa. Niliondoka na picha ya baba, basi.

Juzi nilienda kufuturu Ngagara kwa kaka, maana mama anaishi kwake. Jikoni kulikuwa na ndoo ya muhogo ulioloweshwa, na juu ya kifuniko, jiwe la kilo lenye doa la risasi. Jiwe la baba! Nikamuuliza mama. Akasema kaka mwenyewe ndiye aliyelileta, muda mrefu kabla ya zile kelele za dukani. Kumbe lile jepesi lilikuwa jingine, aliliweka yeye! Nikalitia kwenye mkoba, nikarudi kula tende za kaka huku natabasamu.

Sasa sikieni. Msikitini wamemchagua huyo huyo kaka kuwapimia masikini mchele wa zaka ya fitri. Nataka niende na ile picha na jiwe, wale wajomba wakiwepo, aeleze lilifikaje jikoni kwake. Nataka nimuone anakosa pa kuweka uso, kama nilivyokosa mimi.

Ila bila neno la mama, kaka atasema nililiiba. Na mama hawezi kusema uongo akiwa amefunga, namjua. Nimemuomba aje kusema, amelia sana. "Mwanangu, we na ye mulinyonya ziwa moja. Unataka mi ndo nimuzike?"

"Na mi, mama, nani alinizika?"

Zimebaki siku tatu kabla ya siku ya kupima. Nishaurini, ninyamaze kwa ajili ya mama, au niende? Nikienda sitatukana mtu. Nitaegemeza picha ukutani, nitaweka jiwe la baba kwenye mizani ya kaka, nimuite mama, halafu niinue mikono.