Jasi Haishiki Damu

Zamani fundi wa meno ya bandia alimtambua mtu kwa kinywa chake kabla hata ya kumwona uso. Siku hizi mashine inapiga picha, inachonga jino, na haijui wala haijali linamwendea nani.

Huyu alikuwa wa zamani. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya zahanati ya meno, chenye dirisha dogo na rafu kutoka sakafuni hadi darini, na juu ya rafu hizo vilipangwa vinywa. Mamia ya vinywa vyeupe vya jasi, ule unga unaoganda kama jiwe ukitiwa maji, vimeachama kidogo, kila kimoja na meno ya mtu aliye hai au aliyekwisha kwenda. Upepo ukiingia, vumbi lilitoka kati ya meno hayo kama pumzi.

Mdogo wake, tarishi wa posta ambaye mji mzima ulimwita Kicheko, hakupenda kuingia humo.

"Kaka, watu wako wananitazama."

"Hawana macho hao."

"Ndiyo maana naogopa."

Hata hivyo aliingia, kila baada ya miaka mitatu, kwa kuwa kaka yake alimhitaji. Kicheko alijaliwa meno ambayo Mungu hakuyapanga kwa haraka, na fundi aliyafanya kielelezo: kila mzee aliyetaka seti nzima alichongewa kwa mfano wa hayo. Ukitembea mjini ungeona tabasamu moja likitoka katika nyuso ishirini, ajuza huku, kinyozi kule. Mke wa Kicheko alikutana nalo sokoni siku moja, kwa mtu asiyemjua, akaangusha kikapu.

"Shemeji," alimlaumu fundi, "unamgawa mume wangu vipande vipande."

Kielelezo cha jasi huchakaa, ndiyo sababu ya kukirudia. Fundi alilainisha nta kwa maji ya moto, akaibana kwenye meno, akaitoa, akaisuuza, kisha akamimina jasi. Mara ya kwanza nta ilitoka na uzi mwembamba wa damu mahali pa meno ya mbele ya chini. Akausuuza. Ndivyo alivyofundishwa: nta chafu huharibu jasi. Mara ya pili uzi ulikuwa utepe.

"Ukipiga mswaki unatoka damu?" aliuliza, bomba likitiririka.

"Nilikuwa natoka. Nikaacha kupasugua pale, papumzike. Kidonda hakitoneshwi, kaka."

Fundi akacheka, akasuuza.

Mara ya tatu alikiweka kinywa kipya kando ya vile viwili vya zamani, mchana kweupe, akavilinganisha. Meno yalikuwa yamerefuka. Alidhani jasi imevimba. Akapima kwa bikari, upana ni uleule. Yalisimama pale marefu, membamba shingoni, kama ya mtu aliyefukuliwa. Meno ya mtu mzima hayakui. Fizi ndizo zilizokuwa zimeshuka, zikiyaacha uchi. Akainua macho kwenye rafu, na sasa akaanza kuwaona wengine: huyu shingo wazi, yule shingo wazi, wote aliowasuuza kwa mkono wake bila kuwaambia neno.

Alikimbilia posta na aproni yake.

"Twende kwa daktari sasa hivi."

"Nina barua za watu hapa."

"Barua hazing'oki!"

Daktari wa meno, mama asiyepamba maneno, alichungulia kwa kioo chake.

"Ulipoacha kusugua ndipo ukoga ulipopata nyumba," alisema. "Ukiwa laini hutoka kwa mswaki. Ukikaa unakuwa jiwe, jiwe linachokoza fizi, fizi inavuja damu, mwisho mfupa unaoshika meno unakimbia. Panapotoka damu ndipo pa kusafishwa, baba, taratibu, kwa mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala, na uzi katikati ya meno. Unavuta sigara?"

"Mbili tatu."

"Kwa siku au kwa saa?"

Alimpima sukari, kwa kuwa kisukari nacho huvujisha fizi, sawa na ujauzito, dawa za kuzuia damu kuganda na kukosa matunda. Sukari ilikuwa sawa.

"Basi ni ukoga na moshi," alisema.

"Na haya manne ya chini?" fundi aliuliza.

Daktari aliyagusa kwa kidole. Yakainama yote manne kwa pamoja, kama watu wanaoitikia salamu.

"Haya yamekwisha kuaga. Mengine tutayaokoa, akiacha sigara na akija nimkwangulie ukoga kila baada ya miezi mitatu."

Yaling'oka bila kelele, karibu bila kuvutwa. Mara ya mwisho fundi kuyaona, yalikuwa katika bakuli la chuma: meupe, hayana tundu hata moja, mizizi imevikwa ukoga mweusi kama kutu. Kicheko, pamba mdomoni, alikuwa akimtazama kaka yake. Muuguzi aliuliza kama wanayachukua. Fundi akatikisa kichwa. Muuguzi akalibeba bakuli kupita kwenye ukumbi mrefu, na njia nzima meno yakawa yanagonga chuma, polepole, kama yanaongea.