Siku wafungwa wanawake wa Tabora walipolima bila kuimba

Wakuu, habari za humu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Haya niliyaona kwa macho yangu. Asiyeamini aje Tabora, nitampeleka hadi lilipokuwa shamba lenyewe.

Kwanza mnijue. Baba alikuwa mshona viatu Itetemia. Nilipopata nafasi ya kusoma ng'ambo, baba mdogo alicheka mbele za watu: "Huyu? Atarudi na koti na kikohozi!"

Nikarudi na diploma ya ustawi wa jamii. Na koti pia, zuri. Wakasema kazi itanishinda.

Zilikuwa enzi za Ujamaa. Nikapangiwa gereza lenye wadi ya wanawake, wengi wao wapika gongo. Baadhi walikuwa na watoto wa kunyonya. Mama akienda kulima, mtoto anafungiwa wadini, kwa sababu kanga ilikuwa marufuku, na bila kanga utambeba na nini?

Mtoto wa mfungwa mmoja, Kalunde, akashikwa na homa. Kalunde akaomba aende naye shambani, awe anamwangalia. Akakataliwa.

Jumamosi wakalima kimya. Wote.

Wageni hamtajua uzito wake. Kwetu wanawake wakishika majembe pamoja, wanaimba. Jembe la kimya ni la kaburi.

Shamba lilipakana na njia ya zamani ya misafara, na watu hawakuisha pale. Wakawa wanasimama: "Jamani, kafariki nani?" Hakuna aliyejibu.

Mkuu wa gereza akaniita, amefura.

"Bwana Diploma, huu ni mgomo."

"Afande, mbona wanalima?"

"Wanamzika nani, mimi? Jumatatu wasipoimba, huyo mtoto utampeleka kituo cha yatima. Wewe mwenyewe!"

Nikamweleza Kalunde. Akanitazama bila kupepesa. "Kaka, ukimchukua, chukua na jembe langu. Wimbo utauimba wewe."

Jumapili nikamwomba mchungaji atusemee. Akasema mimbarini kwamba wapika pombe watubu kwanza, mengine baadaye. Wazee wa kanisa wakaitikia amina.

Jumatatu, kimya tena. Nimesimama pembeni ya shamba, mtoto begani anachemka, gari la kumpeleka kwa yatima linanguruma. Nikawa nafunga viatu vilivyokwisha kufungwa.

Ndipo wakatokea kina mama wa Kiislamu wa mjini, unga kichwani, kanga mabegani. Mbele yao Bi Mwanaidi, muuza vitumbua.

"Tumekuja msibani. Maiti yuko wapi?"

"Hakuna maiti hapa, mama," mkuu akasema.

"Usitufiche mwanangu. Kaburi linalimwa, mji mzima umesikia."

Kalunde akainua kichwa. "Mama, bado hajafa. Ni huyo hapo, begani kwa Bwana Diploma."



Nyuma ya kina Bi Mwanaidi walikuwa wamefika wanawake wa kanisani. Mke wa mchungaji akapita katikati ya askari, akavua kanga yake ya juu, akamnyooshea Kalunde. Wengine nao wakaanza kuvua zao.

"Marufuku!" mkuu akafoka.

Hapo diploma ikafanya kazi. "Afande, kanuni inakataza kanga wadini. Hapa ni shambani."

Akautazama umati barabarani. Akautazama tena.

"Wabebeni watoto wenu. Na huyo mgonjwa apelekwe hospitali ya Kitete na mama yake, upesi!"

Mtoto alipona. Siku Kalunde aliporudi shambani naye mgongoni, nyimbo zilisikika hadi sokoni.

Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri juu ya mambo mengine kabisa. Mkewe alikaa benchi la mbele, hana kanga ya juu, na kila mtu alijua iko wapi.

Nilichojifunza: wale wanawake hawakuvunja kanuni hata moja, na bado waliuamsha mji. Mwenye bibi aliyeishi Tabora enzi hizo amuulize, atuwekee hapa chini. Mtakaonibishia, karibuni pia.

Kanga za kuazima zilikaa ofisini kwangu, natoa asubuhi, napokea jioni. Mama wa mwisho alipoachiwa, nikazibeba zote, zimefuliwa na kukunjwa, nikapita nyumba kwa nyumba nikizirudisha kwa wenyewe.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa baba mdogo. Mkewe naye alitoa yake siku ile.

Mzee akanitazama juu hadi chini. "Na koti umekuja nalo?"

"Nimekuja nalo, baba. Kikohozi ndicho sikukipata."