Shangazi na Taa za Kaka Yake

Nyumba ya fundi umeme haikuwa na pembe yenye giza. Mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Umeme, alikuwa amefunga taa sebuleni, jikoni, uani, hata juu ya mlango wa choo, tena zile ndefu nyeupe zinazochoma. "Kwangu sindano haipotei," alipenda kujigamba.

Mwenye sindano alikuwa dada yake, mshonaji, aliyehamia kwake mguu wa kushoto ulipoanza kumsaliti kwenye ngazi. Alipewa chumba cha mwisho wa korido, cherehani ikawekwa chini ya dirisha. Mchana mambo yake yalikwenda vizuri. Alishona sare za shule, akatia pindo, akapiga vifungo, na mwanga uliochujwa na pazia haukumdhuru. Lakini jua likishazama, swichi zikaanza kulia ta, ta, ta nyumba nzima, ndipo alipojifungia.

Daktari alishamtajia ugonjwa wenyewe: maltipo sklerosisi. Kinga ya mwili, badala ya kumlinda, inaambua ganda la mishipa ya fahamu, na habari za mwili zinapita kwa kukwamakwama. Mshipa wa jicho la kulia ulikuwa umeguswa. Taa nyeupe ikimpiga, jicho linauma kwa ndani, kichwa kinazunguka, nyuso za watu zinachezacheza kama nguo kwenye kamba, na kesho yake hana nguvu hata ya kukaza uzi.

Haya yote hakumweleza kaka yake. Alisema tu, "Macho yananisumbua." Utamwambiaje mtu kwamba fahari yake ndiyo inayokuumiza, nawe unalala chini ya paa lake?

Basi chakula cha jioni kikawa kinapelekwa chumbani. Aliketi kitandani gizani, sahani mapajani, akila kwa kupapasa na kuwasikiliza wenzake mezani. Alijua nani anacheka na nani ananuna. Alijua kiti chake kimegeuzwa pa kurundika mabegi ya shule. Watoto walimpachika jina la Shangazi Popo, naye alicheka nao, lakini akishafunga mlango uso ulimshuka. Zamani walikuwa wakimuuliza, "Shangazi, unakuja mezani?" Siku hizi sahani ililetwa bila swali. Hilo lilimtisha kuliko upofu.

Jioni moja kaka akagonga mlango, ameshika boksi.

"Dada, nimekuletea dawa. Balbu kubwa kuliko zote dukani! Macho yakiwa dhaifu yanataka mwanga wa kutosha." Hakungoja jibu. Alipanda kwenye kigoda, akaifunga, akabonyeza swichi.

Dada alipiga ukelele, akajifunika uso kwa sketi aliyoishona mchana. "Zima! Zima, jamani, unaniua!"

Kaka akazima. Akauliza, angali juu ya kigoda:

"Kumbe si udhaifu wa macho?"

"Ni waya," alisema dada. "Waya wa jicho umetoka ganda. Wewe ukishika waya ulio uchi inakuwaje?"

"Narushwa."

"Haya. Mimi narushwa kila unapowasha."

"Muda wote huo? Nami nazidi kuongeza taa! Kwa nini hukusema, mwanamke wewe? Una kiburi!"

"Tumetoka tumbo moja."

Hakucheka. Aliifungua balbu ingali moto, akaipokeza mkono huu na huu, akatoka nayo bila kuaga. Dada alijua amemuudhi.

Kesho yake hakugusa sare ya mtu. Alichukua mabaki ya kitambaa, akakata kofia ya ukingo mpana, akatia ndani kitambaa kigumu cha kola ili ukingo usilale. Jioni aliivaa, akaweka na miwani ya jua, akaifuata korido ile nyeupe macho chini, mkono ukutani.

"Lo! Mheshimiwa ametutembelea!" alisema wifi yake. "Ufukweni wapi leo?"

"Popo katoka pangoni!" mtoto akadakia, akiondoa mabegi kitini.

Walicheka, naye akacheka, akaketi akiipa taa mgongo. Kofia ilisaidia. Alikula, akaulizwa habari za sare, akajibu. Kaka aliinuka mara moja, akarudi kitini. Lakini kofia haizuii mwanga unaorudi kutoka kwenye meza na sahani, na chakula hakijafika nusu nyuso zikaanza kuchezacheza. Akainuka. "Haya, mlale salama." Wifi alikuwa katikati ya kisa cha jirani, hakusikia.

Aligeukia korido akijikaza kuipita tena. Ilikuwa giza tupu.

"Baba, taa za korido zimeungua!" alisema mtoto.

"Zimeungua," alijibu fundi, macho kwenye sahani, yeye ambaye taa haikuwahi kuungua kwake ikalala bila kubadilishwa.

Dada akapapasa ukuta mpaka chumbani, akavua kofia, akaitundika kwenye msumari wa mlangoni, mahali pa nguo za kila siku. Huko mezani kicheko kilianza upya bila yeye. Alikaa kitandani akisikiliza. Akasikia begi likitupwa kitini, kisha sauti ya kaka yake, kali kidogo:

"Si hapo. Weka chini."