Kadi ya Bima Isiyovuka Mpaka

Saa moja kasorobo asubuhi, mchora ramani anafuta vumbi mezani kwa kiganja, anawasha kompyuta na kuanza kuhamisha ngazi ya nyumba ambayo hajawahi kuiona kwa macho. Nyuma ya pazia, mkewe anajigeuza kitandani kwa taabu. Kila anapojigeuza, mkono wa mumewe unasimama.

"Uko sawa?"

"Niko sawa. We chora."

Majirani humwita Fundi Mistari. Kwa kuwa hatoki nyumbani, wengine humhesabu kuwa mtu wa kula kulala. Mkewe, fundi cherehani aliyeingia mwezi wa tisa wa ujauzito, hana haja ya kumtetea. "Mume wangu anajenga ng'ambo," anasema. "Hapa kwetu, rafu ya vyombo tu imemshinda."

Kwa miaka mitatu sasa ameajiriwa na ofisi ndogo ya wasanifu majengo iliyo nchi nyingine. Wako watu saba pamoja na bosi wao, mama ambaye hajawahi kuchelewesha mshahara. Kila mwezi kodi na bima zilikatwa. Kadi ya bima ilipofika kwa posta, Fundi Mistari aliifunga kwenye nailoni, akaiweka kabatini na kulala usingizi wa raha.

Aliitoa mwaka huu. Mtoto wao wa kwanza alifariki akizaliwa, kabla baba yake hajapata kazi hii. Mimba ya sasa ilipofika miezi mitatu, daktari aliwaambia kwamba safari hii lazima upasuaji, tena katika hospitali yenye vifaa.

Hospitalini, dada wa mapokezi aliigeuza kadi mara mbili. "Kaka, hii kadi ni nzima kabisa. Ila hospitali zinazoipokea ziko huko kwa mwajiri wako."

"Nilipiga hesabu palepale," anakumbuka. "Nimekatwa miaka mitatu, na mke wangu hana pa kujifungulia."

Hapakuwa na udanganyifu wowote. Mhasibu wa ofisi alimwingiza kwenye orodha moja na wenzake wa kule. Lakini kwa sheria, kodi na bima yake zilipaswa kulipwa pale anapokaa akifanya kazi. Naye hukaa hapa, hatua mbili kutoka kitandani.

Afisa wa kodi aliyemsikiliza hakumkaripia. "Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe ni mtu wa majengo," alimwambia. "Mwambie bosi wako ajisajili huku kama mwajiri."

Siku mbili zilipita bila yeye kupiga simu, akihofia kuonekana mzigo. Mkewe ndiye aliyebonyeza namba. "Yeye aliogopa kupoteza kazi," anasema. "Mimi niliogopa kuzika tena."

Bosi aliomba radhi, akaanza kujaza fomu. Ombi la kwanza lilirudishwa kwa sababu mwajiri hakuwa na anwani nchini. La pili lilipita, na anwani ya kampuni sasa ni chumba hiki. "Siku hizi nikipita na ndoo naomba ruhusa ya ofisi," mkewe anatania.

Bima ya uzazi haifanyi kazi mpaka michango ya miezi mitatu iingie. Wa tatu uliingia wiki iliyopita. Dada yuleyule wa mapokezi akaipokea kadi mpya, akaandika tarehe ya upasuaji: Alhamisi ijayo.

Jana bosi alipiga simu. Katika kusoma sheria za kazi za huku, amekuta jambo ambalo mwajiriwa wake mwenyewe hakulijua: baba aliyepata mtoto ana haki ya siku kumi na nne za likizo yenye malipo. Fundi Mistari hajawahi kuchukua hata siku moja.

Anapoulizwa atazitumiaje, anatazama pazia kwanza.

"Sitafanya kitu," anasema. "Nitakaa nimsikilize anavyolia. Wa kwanza hatukuwahi kumsikia."