Hadithi ya Saa Nane Mchana

Kwanza niseme wazi: mwandishi wa vile vitabu sikumwomba ruhusa. Aliishi Ulaya, na kama angetaka kuja kunilalamikia, siku hizo barabara ya kuja Butembo, mjini kwetu, ilikuwa mikononi mwa wenye bunduki. Vilikuwa vitabu vitatu vya Kifaransa, na darasani kwangu hapakuwa na mtoto asiyevijua. Vilisomwa mpaka majalada yakashonwa kwa uzi wa magunia ya kahawa. Vilisimulia juu ya mfalme aliyeiba sauti za watu na kuzifungia ndani ya chupa, na msichana aliyepanda farasi mwenye mabawa kwenda kuikomboa sauti ya mama yake.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tano, na nilikuwa nimechoshwa na vibanda vya video vya mjini. Watoto wetu walikuwa wakionyeshwa humo watu wanaokatana mapanga, kana kwamba ya nje hayakuwatosha. Nikasema nitatengeneza sinema ya vitabu vile, ambayo bibi, mama na mtoto wataitazama kwenye benchi moja bila mmoja wao kuona haya. Walionicheka walikuwa wengi. Aliyekubali alikuwa mmoja, mpiga picha wa harusi, Mprotestanti mwenye subira kuliko mimi, aliyekuwa na kamera ya video.

Vitabu vitatu ilibidi viingie katika saa moja. Kitabu cha pili kizima kilikuwa vita ya majitu. Nilikitupa. Vita tulikuwa nayo ya kutosha, tena ya bure. Chupa za mfalme zikawa vibuyu, na theluji ikawa ukungu wa asubuhi, ambao Butembo haijawahi kuukosa. Farasi mwenye mabawa akawa chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, tuliofungia majani ya mgomba kila upande tukauachia kwenye mteremko na mwanafunzi wangu juu yake. Alipiga kelele za hofu ya kweli, nasi hatukuzikata.

Mwanzo wa sinema niliutunga mwenyewe. Badala ya muziki niliweka koko mmoja, yaani bibi kikongwe, anakoka moto jikoni na kuwaita watu waje wasikie hadithi, kama bibi zetu walivyotuita. Niliupenda mwanzo huo kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Na hapo ndipo nilipojitega.

Tulipomaliza, niliamua watu wa kwanza kuiona wawe wa Beu, kule Beni, alikoishi mama yangu. Mtaa ulikuwa umejaa familia zilizokimbia kutoka upande wa Oicha, na watoto wao walishinda wameketi kwenye baraza za watu wakitazama barabara. Tukapakia televisheni na jenereta kwenye lori la mahindi, tukashuka Beni. Lakini amri ya wenye bunduki ilikuwa kwamba ikifika saa kumi na mbili jioni mtu asionekane nje. Basi tukapanga Jumapili, saa nane mchana, katika ukumbi wa parokia. Madirisha tuliyaziba kwa blanketi na maturubai. Mtu mmoja akapita na kipaza sauti: "Hadithi! Hadithi! Mukuye na batoto, mukuye na bakoko!"

Walikuja. Uwanja ulijaa, ila hakuna aliyeingia ndani.

Kwetu hadithi ni ya usiku, kazi za shamba zikiisha. Anayesikiliza hadithi jua likiwaka, mama yake hufa. Jambo hilo mtoto wa kwetu hulijua kabla hajang'oka jino la kwanza. Nami nililijua, lakini nilikuwa nimezama katika kamera na petroli na vibuyu hata sikulifikiria. Sinema za karate zilionyeshwa mchana na hakuna aliyejali, kwa sababu hizo si hadithi. Yangu ilikuwa na jiko, ilikuwa na koko anayeita, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelipa mtu atangaze mtaa mzima kwamba ni hadithi.

Mama mmoja wa upande wa Oicha, ameshika watoto wawili mkono huku na huku, alinijia akasema kwa upole:

"Madame, aba batoto, baba yabo alishakufa. Balibakia na mama tu. Hapana tutaingia."

Nilitamani ardhi inimeze. Kisha aibu ikageuka hasira, wala haikuwa juu ya mama yule. Vita ilikuwa imetunyang'anya usiku, na sasa hata watoto waliobaki hai hatungeweza kuwasimulia kitu.

Mpiga picha alinivuta kando. "Tukate ule mwanzo," akasema. "Tuseme iko film tu. Donc, basi, bataingia."

"Sikati."

"Madame, ni dakika mbili tu!"

"Hata ingekuwa nusu dakika. Ukimtoa koko, hii si yetu tena. Tena nitakuwa nimemdanganya yule mama mbele ya watoto wake. Sikati."

Ndipo mama yangu alipofika, rozari bado mkononi. Alisikia watu wakinong'ona juu ya mwiko, akawaangalia, akaniangalia mimi. Akauliza kwa sauti ya sokoni:

"Hii hadithi nani aliileta?"

"Ni mimi, mama."

"Na mama ya mwenye kuileta ni nani?"

Akajinyooshea kidole mwenyewe.

"Ni mimi," akasema. "Donc kama iko mama wa kufa leo, mimi wa kwanza. Munipishe."

Akaingia. Akachukua kigoda, akakiweka mbele kabisa, karibu na televisheni hata angeweza kuigusa. Sitajifanya shujaa: nilikuwa na diploma ya ualimu, nami niliuogopa mwiko wa bibi yangu kama mtoto wa miaka mitano. Nilimwendea nikamnong'oneza, mama, acha, turudi nyumbani.

"Anzisha," akasema.

Nikaanzisha. Koko akakoka moto wake, akaita. Mama yangu akaitika peke yake katika ukumbi mtupu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwitikia bibi yangu. Blanketi la dirisha moja likafunuliwa pembeni, nikaona macho. Akaingia mzee mmoja, wakaingia wanawake watatu. Yule mama wa watoto wawili alisimama mlangoni muda mrefu, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Chukudu lilipoanza kuruka mteremkoni, watoto wakamponyoka wakaenda kuketi sakafuni, naye akawafuata. Watu walicheka hata jenereta haikusikika. Msichana alipovunja vibuyu na sauti zikatoka moja moja zikiita majina ya kina mama, ukumbi ulilia, na mimi nililia, sioni sababu ya kuficha.

Taa zilipowashwa mama alisimama akajipiga kifua. "Muniangalie muzuri. Nilikufa?"

Walipiga makofi. Jumapili tano tuliionyesha Beu, na kila mara alikaa kwenye kigoda kile.

Miaka miwili baadaye aliuawa njiani, akitoka shambani na mzigo wa mihogo. Waliopiga risasi walirudi msituni, kila upande ukasema si wao. Matangani shangazi yangu alinishika bega. "Tulikuambia," akasema polepole. Wanawake wengine wakatazama chini, na niliona kwamba walikuwa wamekwisha kulizungumza.

Nilisimama. Nilisema kwa sauti ili wote wasikie: "Shangazi, mama aliuawa na risasi. Iko mutu aliipiga. Ule mutu ana jina, na ana mukubwa alimutuma. Mukiitupia hadithi yangu lawama, yeye atalala usingizi muzuri." Nasikia wapo waliosema sina adabu. Na waseme.

Jumapili iliyofuata nilirudi Beu na televisheni, saa nane mchana. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kujifungua. Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu, ameanza tu kuelewa maneno. Uwanja ulijaa tena, na tena hakuna aliyeingia. Walikuwa wakinitazama mimi na mtoto niliyembeba mgongoni: safari hii mama wa kufa nilikuwa mimi. Nikaingia, nikavuta kigoda mpaka mbele, nikamfungua binti yangu nikampakata, uso wake kwenye televisheni, masikio wazi. Kisha nikamwambia mpiga picha aanzishe.