Kiwambo cha Athmani

Kabla ya vita vikuu vya pili, mtu akitaka ngoma iwambwe Mombasa aliulizia nyumba ya Athmani Mung'aro, Kibokoni, kwenye kichochoro cha nyuma ya msikiti. Alikuwa Mdigo, alikuja mjini angali kijana, akafundishwa kazi na mjomba wake mpaka ikamkaa mikononi. Msondo, chapuo, vumi, zote zilipita kwake. Alilowesha ngozi ya mbuzi, akaitandaza juu ya mzinga wa ngoma, akaivuta na kuipigilia vigingi, kisha akaiacha ikauke kivulini. Ikishakauka aliigonga kwa kidole kimoja huku ameinamisha kichwa. Ikimjibu vibaya aliing'oa yote akaanza upya, hata kama mwenye ngoma amesimama mlangoni akilalama kwamba bibi harusi anangoja.

Vita vikaja na giza lake. Taa zilikatazwa usiku, harusi zikawa za kimya kimya, na ngozi hazikupatikana. Athmani akashinda barazani mikono mitupu, na mkewe Mejumaa ana mimba ya kwanza. Mwisho akaenda kuandikwa kazi kwa mkandarasi aliyekuwa akivunja miamba kwa baruti upande wa Kilindini.

Siku moja baruti ilikataa kulipuka. Watu wakangoja, wakachoka kungoja, wakaamriwa warudi kazini. Athmani alikuwa ameinama kuokota mtaimbo wake ilipolipuka. Mawe yalimpita yote, hakupata hata mchubuko wa maana. Lakini alipoinuka aliwaona wenzake wamefumbua vinywa na hakuna sauti inayotoka, na damu ilikuwa ikimchuruzika kutoka masikioni mpaka shingoni.

Miezi ikapita. Usikivu ulirudi kidogo. Mtu akimpigia kelele karibu na sikio, aliyasikia maneno kama yanatoka ndani ya mtungi. Usaha ulikuja, ukaondoka, ukarudi. Binti yake Nyevu alizaliwa, na Athmani akawa anajua kwamba mtoto analia kwa kumtazama uso.

Mejumaa ndiye aliyempeleka kwa Daktari Akbarali, aliyekuwa na zahanati ndogo Makadara. Daktari alimulika sikio moja, akamulika la pili, kisha akamwinamia na kusema kwa sauti kubwa, "Kiwambo kimepasuka, bwana Athmani. Cha huku na cha huku."

Athmani akamgeukia mkewe. "Amesema kiwambo?"

"Ndiyo, kiwambo."

"Cha ngoma?"

"Cha sikio," alisema daktari. "Ndani ya sikio mna kijingozi kimewambwa, chembamba kuliko karatasi. Sauti ikija hukipiga, kikatikisika, nawe ukasikia. Chako kimepasuka."

Kwa mara ya kwanza tangu ule mlipuko, Athmani alicheka. Neno hilo alilitumia kila siku ya maisha yake. Alikuwa amelisikia pia kwa wajenzi, wanapotenga chumba kwa kiwambo cha makuti. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba watu huzaliwa nacho kichwani.

"Basi kiwambwe kingine," alisema.

Daktari akatikisa kichwa. "Hakuna anayeweza, si hapa wala Ulaya. Weka masikio makavu, usitie maji, usitie mafuta. Usaha ukikauka, tushukuru."

Njia nzima ya kurudi Athmani alitembea ameinamisha kichwa. Mejumaa alidhani ni huzuni.

Kesho yake alimwomba muuza nyama kibofu cha mbuzi. Alikikwangua kwa kipande cha kioo mpaka mwanga ukapenya, akakata pete ndogo kutoka bua la unyoya wa kuku, akakivuta kile kibofu juu ya pete na kukifunga kwa uzi wa hariri. Mejumaa akamkuta ukumbini, amekunja uso kama aliyekuwa akitunga ushanga.

"Babake Nyevu, wafanya nini?"

"Nawamba."

"Daktari amekataza!"

"Daktari amesema kiwambo kimepasuka. Kiwambo kikipasuka hufanywaje? Si huwambwa kingine?"

Athmani akakipaka mafuta kile kipete, akakisukuma ndani ya sikio la kushoto taratibu, machozi yakimtoka kwa maumivu. Kisha akakaa.

Mejumaa alikuwa amempa mgongo, ameinama juu ya seredani, akinong'ona peke yake kwamba makaa yamekwisha.

"Makaa yamekwisha?" Athmani akauliza.

Mejumaa akageuka, akaangua kilio. Alasiri ile yote Athmani alimfanya aseme. Alimtaka ataje jamaa zao wote, anong'one, akwaruze mkeka. Alimsikia Nyevu akilia, sauti nyembamba yenye mkwaruzo mwishoni, akasema ni sauti ya marehemu mamake. Jua halijatua alikuwa amewamba cha pili, akakitia sikio la kulia.

Haukupita muda masikio yakaanza kumwasha. Hakusema, maana alijua ataambiwa avitoe. Mejumaa alijua kwa harufu. Kisha homa ikapanda, nyumba ikawa inamzunguka, akawa anatapika na hawezi kusimama. Abdulhalim, kiongozi wa wapiga chakacha na mteja wake wa siku nyingi, akamlaza kwenye mkokoteni wakamkimbiza Makadara.

Daktari Akbarali alivitoa vile vipete viwili, vinanuka, akavitazama kiganjani.

"Nani amemwambia afanye hivi?"

"Si wewe, daktari?" alisema Mejumaa. "Ulisema ni kiwambo."

"Ni jina tu, mama. Watu walikosa jina la kilichomo ndani ya sikio, wakaazima la ngoma. Kile cha ngoma ni ngozi ya mnyama aliyekufa. Hiki ni nyama hai." Akaketi kitini. "Afadhali ningesema ana kidonda."

Homa ilishuka, Athmani akapona, lakini masikio yakawa yamekufa kabisa. Hata ukelele haukupita. Akawa anatembea akishika kuta, kama mtu aliye juu ya ubao unaoyumba.

Vita vikaisha, taa zikawashwa, harusi zikarudi na vishindo vyake. Abdulhalim akaja na ngozi mpya, akamweleza kwa mikono: wewe wamba, sisi tutakusikilizia. Wakajaribu. Abdulhalim aligonga msondo, akainua mkono, maana yake kaza. Akaushusha, maana yake legeza. Athmani alivuta na kulegeza kama alivyoelekezwa mpaka adhuhuri, kisha akaiachia ngozi.

"Hii si kazi yangu tena," alisema, kwa sauti ambayo kichochoro kizima kilisikia, naye hakujua.

Akamkusanyia Abdulhalim nyundo na vigingi vyote, akaingia ndani.

Mejumaa akawa ndiye mwenye kulisha nyumba kwa mahamri. Nyevu alijifunza kumvuta babake kanzu badala ya kumwita. Siku moja, baada ya alasiri, Athmani aliketi karibu na mkewe akamwambia, "Sema nami."

Aliona midomo yake ikiuliza: niseme nini?

"Chochote."

Mejumaa akaepua karai, akasema kwa muda mrefu. Alisema kwamba amechoka. Kwamba kuna siku hatamki neno tangu alfajiri hadi mtoto alale, na akizungumza hujihisi kama mwenda wazimu. Kwamba ameanza kuisahau sauti ya mumewe ilivyokuwa kabla haijawa ya kupayuka, na kwamba akienda kwao kuzika mtu hutamani asirudi.

Athmani aliitazama midomo yake mpaka ikatulia, asidake neno. Kisha akaitikia kwa kichwa polepole, kama aliyeelewa, akatabasamu.

Mejumaa akajifunika uso kwa leso.